Baada ya maafa vijijini, chuo kikuu kipeleke nini: wanafunzi, wataalamu au kituo cha kudumu?

Siku chache baada ya mafuriko, tetemeko au maporomoko ya ardhi, vyuo vikuu vingi hukutana kuamua namna ya kusaidia. Nia huwa njema, muda huwa mfupi. Katika haraka hiyo huchaguliwa kile kinachoweza kuanza kesho asubuhi, mara nyingi mabasi mawili ya wanafunzi wenye majembe, na hakuna anayeuliza kijiji kitahitaji nini miezi minane baadaye. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mhadhiri, kiongozi wa wanafunzi au mkuu wa kitivo aliyeketi kwenye mkutano huo.

Njia kubwa ni nne: kikosi cha kujitolea, muhula wa kuishi kijijini, huduma za wataalamu, na kituo cha kudumu. Niseme mapema ninapoegemea. Kijiji kina mikono mingi ya kazi kuliko chuo. Kinachokosekana kule ni maabara ya udongo, mhandisi wa kukagua msingi, mtu wa kuandika rufaa ya familia iliyonyimwa ruzuku, na taasisi yenye uzito wa kutosha kuhoji takwimu rasmi zinapokuwa na kasoro. Chuo kinachopeleka mikono peke yake kimeacha nyumbani kilicho bora zaidi.

Kikosi cha kujitolea au wataalamu: nani atangulie?

Mfano unaotajwa sana wa kikosi cha wanafunzi ni wa Christchurch, New Zealand. Baada ya tetemeko la tarehe 4 Septemba 2010, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Canterbury aitwaye Sam Johnson aliwaita wenzake kupitia Facebook, wakaenda nyumba kwa nyumba kuzoa tope lililosukumwa juu na mtikisiko hadi likajaa nyuani na barabarani. Tetemeko la pili, la tarehe 22 Februari 2011, liliua watu 185, na safari hii wanafunzi walijitokeza kwa maelfu. Kazi yao ilikuwa ya kweli na watu waliishukuru.

Lakini tazama mazingira yake. Wanafunzi wale walikuwa katika mji wao wenyewe, walilala kwao, na kazi iliyokuwepo ilionekana kwa macho na haikuhitaji utaalamu: koleo, toroli, tope. Kijijini mambo hubadilika. Barabara imekatika, maji salama ni machache, vyoo vimesombwa. Kila mgeni anayefika anahitaji kula, kunywa, kulala na kujisaidia mahali ambapo hivyo vyote ni haba. Kuna jambo jingine katika kisa hichohicho ambalo halitajwi sana: wakulima wa maeneo ya jirani walijipanga, wakaja mjini na matrekta yao kusaidia kuondoa tope. Watu wa mashambani ndio walioleta nguvu kazi na mashine. Wanaijua kazi hiyo kuliko mwanafunzi yeyote.

Upande wa pili, mikono bila ujuzi inaweza kuchelewesha nafuu. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, visima vingi vya pwani ya Sri Lanka vilijaa maji ya chumvi na uchafu. Vikundi vya misaada vilivisafisha kwa kuvuta maji kwa pampu, vingine mara kadhaa. Katika ardhi ya mchanga ya pwani, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa nguvu, chumvi hupanda. Watafiti walionyesha kwamba mvua ndiyo iliyokuwa inavirejesha visima katika hali yake, na kwamba kuvuta kupita kiasi kungeweza kuzidisha tatizo. Waliokuwa wakipiga pampu walikuwa watu wema waliochoka na jua. Walikosa mtu mmoja wa kuwaambia: safisheni taratibu, kisha subirini.

Kwa hiyo, kikosi kina nafasi pale chuo kilipo karibu kiasi cha wanafunzi kurudi kulala kwao, kazi ikiwa ya kuzoa, kubeba na kuchimba, na wenyeji wenyewe wakiwa wameomba. Sharti moja likikosekana, mtangulize mtaalamu wa maji, wa udongo au wa majengo, hata akiwa mmoja. Wanafunzi wafuate baada ya kusikia alichoona.

Muhula kijijini: bora kuliko safari ya wiki moja, ila kalenda ni mtihani

Indonesia ina utaratibu wa miaka mingi, ulioanza miaka ya 1970, unaojulikana kwa kifupi kama KKN. Wanafunzi wa vitivo mbalimbali hukaa pamoja kijijini kwa muda unaokaribia miezi miwili, chini ya mhadhiri, na kazi yao huhesabiwa katika masomo. Tetemeko la tarehe 27 Mei 2006 lilipoua zaidi ya watu 5,700 karibu na Yogyakarta, huku wilaya ya Bantul ikiumia zaidi, Chuo Kikuu cha Gadjah Mada kilichoko palepale hakikuhitaji kubuni mfumo mpya. Mfumo ulikuwepo na vijiji viliujua.

Ukilinganisha na kikosi cha kujitolea, faida yake kubwa ni usimamizi. Mwanafunzi anayepewa alama ana mhadhiri anayemuuliza, ana ripoti ya kuandika, na haondoki siku anapochoka. Vitivo vinapochanganywa, mwanafunzi wa ujenzi husikia kutoka kwa mwenzake wa afya kwamba choo hakifai kukaa pale alipokichora. Hilo hutokea kwa nadra sana darasani.

Udhaifu wake ni kalenda. Msimu wa kupanda haufuati mitihani. Ruzuku ya nyumba hutoka siku serikali inapoitoa, na huenda wanafunzi wakawa likizo. Na kila kundi jipya linapofika, huanza upya: kaya ngapi, nani alifariki, mlipoteza nini. Mjane anaulizwa habari ya mtoto wake na kijana wa tatu katika mwaka mmoja, na hakuna hata mmoja wa wale wawili wa kwanza aliyerudi kumwambia kilichofanyika. Hili linaniuma kuliko kasoro nyingine zote za vyuo, kwa sababu linaweza kuzuiwa kwa daftari la makabidhiano linalosomwa na kundi jipya kabla ya kupanda gari, na kwa mhadhiri yuleyule kubaki na kijiji kilekile kwa miaka mitatu au minne. Chuo kisichoweza kuahidi hayo mawili ni heri kisianzishe muhula wa kijijini kwenye eneo la maafa. Kipeleke wanafunzi kwenye vijiji vingine visivyo na majeraha mapya.

Huduma za wataalamu: hapa ndipo chuo kina cha kutoa

Tetemeko la Nepal la tarehe 25 Aprili 2015, lenye ukubwa wa 7.8, liliua karibu watu 9,000 na kuangusha takriban nyumba nusu milioni, nyingi zikiwa za mawe na udongo katika vijiji vya milimani. Serikali ilitoa ruzuku ya rupia 300,000 za Nepal kwa kaya, kwa awamu tatu: 50,000, kisha 150,000, kisha 100,000. Ili kupata awamu iliyofuata, ujenzi ulipaswa kukaguliwa na kuthibitishwa kuwa umefuata masharti ya kustahimili tetemeko.

Fikiria maana yake kwa familia iliyo mbali na barabara. Fedha ipo, mawe yapo, fundi yupo, lakini saini haipo. Na msingi ukishajengwa vibaya, ukaguzi unaokuja baadaye huwaambia wabomoe au wakose awamu ya pili. Kitivo cha uhandisi kingeingia hasa kwenye pengo hilo: wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakiongozwa na mhandisi aliyesajiliwa, wapite kabla ya msingi kufukiwa na kabla ukuta haujainuka. Watazame mkanda wa kuunganisha kuta, pembe zilivyofungwa, umbali wa dirisha kutoka kwenye kona. Kosa linalogunduliwa kwenye msingi ni kazi ya nusu siku. Likigunduliwa kwenye paa ni nyumba nzima.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Pakistan. Tetemeko la tarehe 8 Oktoba 2005 liliua zaidi ya watu 73,000, hasa Kashmir na maeneo jirani. Nyumba nzito za mawe na zege duni zilianguka, ila nyumba za jadi ziitwazo dhajji dewari, zenye fremu ya mbao iliyogawanywa vipande vidogo na kujazwa mawe na udongo, zilisimama vizuri zaidi. Watu waliona hivyo kwa macho yao, wakaanza kujenga upya kwa namna hiyo kwa kutumia mbao na mawe ya vifusi. Mwaka uliofuata mamlaka ya ujenzi mpya iliukubali mtindo huo, kwa hiyo waliojenga hivyo wakaweza kupata ruzuku. Baadaye Chuo Kikuu cha Uhandisi na Teknolojia cha Peshawar kilijenga kuta za ukubwa halisi ndani ya maabara, kikazisukuma huku na huko, na kuonyesha kwamba zinayumba na kunyonya nguvu bila kuporomoka. Fundi alikuwa na jibu tayari. Chuo kilimwongezea vipimo ambavyo mhandisi wa serikali anaweza kuvitumia katika kanuni za ujenzi. Ningependa kila idara ya uhandisi ianzie hapo: iulize kwanza ni nyumba zipi hazikuanguka, na nani alizijenga.

Vitivo visivyo na maabara navyo vina kazi. Kimbunga Maria kilipopita Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, mwezi Septemba 2017, familia nyingi zilizoishi kwenye ardhi ya urithi bila hati zilinyimwa msaada wa nyumba kwa kushindwa kuthibitisha umiliki. FEMA, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia dharura, ulilegeza masharti hayo mwaka 2021, ukikubali ushahidi wa aina nyingi zaidi, hata tamko la mwenye nyumba mwenyewe katika hali fulani. Miaka minne ni mirefu kwa mtu anayelala chini ya turubai. Meza moja, wanafunzi wa sheria wanne na wakili wa kuwasimamia wanaweza kuandaa hati za kiapo, kukusanya risiti za zamani na kuandika rufaa za kijiji kizima. Kwa gharama, hakuna njia iliyo nafuu kama hii katika yote niliyotaja, na ni nadra kuiona kwenye mipango ya vyuo.

Kilimo kinahitaji uangalifu wa aina yake. Picha iliyozoeleka ni ya lori la mbegu. Hata hivyo, mara nyingi baada ya maafa mbegu bado zipo kwenye masoko ya karibu, kilichokwisha ni fedha ya kuzinunua. Lori linaweza kuleta aina isiyofaa udongo ule na kuwanyima wauzaji wadogo wateja wao. Kazi ya kitivo cha kilimo ni kutembelea soko kabla ya kuagiza chochote, kupima chumvi na kina cha mchanga uliofunika mashamba, na kumwambia mkulima kwa maneno ya wazi shamba lipi lipandwe msimu huu na lipi lisubiri mvua iioshe chumvi.

Kuhusu ushauri nasaha nitasema machache. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuwakalisha manusura kikao kimoja na kuwataka wasimulie upya yaliyowapata. Wanafunzi wa saikolojia wasipelekwe kufanya mazoezi kwa watu wenye msiba. Chuo kiwafundishe walimu, wauguzi na viongozi wa dini wa palepale namna ya kusikiliza na kutambua anayehitaji kupelekwa hospitali, kwa kuwa wao watakuwepo wakati sote tumeondoka.

Kituo cha kudumu: ghali, polepole, na mara nyingine ndicho pekee kinachofaa

Katika mji mdogo wa wavuvi wa Otsuchi, kaskazini mashariki mwa Japani, Chuo Kikuu cha Tokyo kilikuwa na kituo cha utafiti wa bahari tangu mwaka 1973. Tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 iliharibu kituo pamoja na mji. Chuo kingeweza kuhamisha watafiti wake kabisa. Kiliamua kubaki na kujenga upya. Kuanzia mwaka 2012, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Tohoku na taasisi ya kitaifa ya sayansi ya bahari, JAMSTEC, kiliingia katika mradi wa takriban miaka kumi wa kufuatilia hali ya viumbe vya bahari katika pwani hiyo, kwa lengo la kusaidia uvuvi urejee.

Mvuvi anayetaka kujua kama chini ya ghuba pamepona, au kama chaza watakua tena mahali pao pa zamani, hawezi kujibiwa na timu iliyokuja kwa wiki mbili. Jibu linahitaji vipimo vya mwaka hadi mwaka, na vipimo vya kabla ya maafa vya kulinganishia. Hapo wataalamu wa muda wanashindwa na kituo kinashinda. Tofauti ya pili ni imani. Watu wa kituo walijulikana kwa majina kabla ya msiba, na wao wenyewe walipoteza mali katika maji yaleyale.

Gharama ndiyo kikwazo: mishahara, jengo, matengenezo, na uongozi wa chuo usiobadilisha mawazo kila bajeti mpya inapokuja. Lakini kituo si lazima kiwe ghorofa. Chumba kimoja katika shule ya sekondari au zahanati, ofisa mmoja anayeishi hapo, pikipiki, jokofu la kuhifadhi sampuli na ratiba ya wahadhiri wanaopokezana kinatosha kuanzia. Kati ya jengo zuri lisilo na mtu na mtu mmoja asiye na jengo, chagua mtu.

Kuna hali moja inayobadilisha hesabu yote: chuo kilicho ndani ya eneo la maafa. Tsunami ya 2004 iliwaua wahadhiri na wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Syiah Kuala, Banda Aceh, Indonesia. Chuo hicho kilikuwa mhanga kama vijiji vilivyokizunguka, na bado mwaka 2006 kilianzisha kituo chake cha utafiti wa tsunami na maafa. Chuo cha mbali kinachotaka kusaidia kiulize kwanza kama kuna chuo cha namna hiyo karibu na wahanga. Kama kipo, kiunge mkono kwa vifaa, ufadhili wa masomo na wahadhiri wa kuziba nafasi. Kukiruka na kwenda moja kwa moja vijijini ni kukidhoofisha wakati kinapohitaji nguvu zaidi. Afrika nako kuna mtandao wa Periperi U, unaounganisha vyuo kama Ardhi cha Tanzania, Makerere cha Uganda na Stellenbosch cha Afrika Kusini katika mafunzo ya kupunguza athari za maafa; ni njia ya kumpata mwenzako kabla hujamhitaji.

Utafiti juu ya watu na utafiti pamoja na watu

Chuo chochote kitataka kuandika makala. Si vibaya, na wakati mwingine ni msaada mkubwa. Idadi rasmi ya waliokufa kwa kimbunga Maria ilikaa kwenye 64 kwa miezi mingi. Mwezi Agosti 2018, utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington, ulioagizwa na serikali ya Puerto Rico yenyewe, ulikadiria vifo vya ziada 2,975, na serikali ikaikubali idadi hiyo. Wagonjwa waliokosa umeme na dawa wiki nyingi baada ya upepo kutulia walihesabiwa hatimaye. Kikosi cha kujitolea hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Aina nyingine ya utafiti ilifanyika Amerika ya Kati baada ya kimbunga Mitch cha mwishoni mwa Oktoba 1998. Wakulima wa Honduras, Nicaragua na Guatemala, wakisaidiana na wataalamu, walipima wenyewe mamia ya mashamba yaliyopakana: moja limetunzwa kwa makinga maji, mboji na miti, la pili limelimwa kwa kawaida. Mashamba yaliyotunzwa kwa jumla yalibaki na udongo mwingi zaidi wa juu. Mkulima aliyeshika kamba ya kupimia hakuhitaji kusomewa matokeo, na jirani yake alimwamini kuliko ripoti.

Utafiti wa kwanza hutetea watu mbele ya serikali, wa pili hubadilisha kinachofanyika shambani. Vyote viwili vinafaa. Usiofaa ni wa tatu, ambao ndio mwingi: dodoso ndefu, picha, kisha kimya. Vyuo vitano vikiingia kijiji kimoja, vikubaliane kuwa na dodoso moja.

Sasa uchague

Kama chuo chako kiko umbali wa saa moja na kazi iliyopo ni tope na vifusi, peleka kikosi, lakini kwa wiki chache na kijitegemee kwa chakula na maji. Kuanzia mwezi wa pili hadi mwaka wa pili, wakati ruzuku, hati na misingi ya nyumba ndiyo mazungumzo ya kila siku, weka nguvu zote kwenye wataalamu. Bajeti ikiwa ndogo sana, anza na meza ya sheria na ukaguzi wa misingi. Chuo cha ualimu kisijilazimishe kujenga: shule zilizofungwa zinahitaji walimu wa ziada na masomo ya kufidia, na hiyo ni kazi yake halali. Kituo kianzishwe tu pale ambapo maafa hujirudia, kama bonde linalofurika au mteremko unaoporomoka, na pale ambapo uongozi umeweka saini kwa angalau miaka mitano. Muhula wa kijijini naupa nafasi ya mwisho ukiwa peke yake, na nafasi ya juu ukitegemea kituo, kwa sababu hapo daftari la makabidhiano lina mtu wa kulitunza.

Kabla ya yote, pata ombi la kijiji kwa maandishi, litokane na mkutano ambao wanawake na wapangaji walizungumza, kwa kuwa wasio na ardhi ndio husahaulika kwanza fedha za ujenzi zinapogawiwa. Katika makubaliano, andikeni tarehe ya chuo kuondoka na nani atabaki na vifaa. Na nakala ya vipimo vyote vya udongo, maji na mteremko ibaki ofisi ya kijiji kwenye karatasi, kwa lugha inayosomeka pale. Atakayevihitaji baada ya miaka sita huenda ni fundi anayetafuta mahali salama pa kuweka msingi wa darasa jipya, na hatakuwa na namna ya kuingia kwenye kompyuta ya chuo.